Pipa la Jua

Cheptanui alikamatwa msituni siku ya Jumanne akiwa na mzigo wa kuni mgongoni na hana kibali. Alilala ndani siku mbili huko Molo. Siku ya tatu hakimu alimtoza faini ya shilingi arobaini, akamwambia kwamba akishikwa tena na kuni za serikali mwaka huo wa 1975, atafungwa miezi mitatu. Alikuwa na mtoto wa miezi saba anayenyonya. Mtoto huyo alikunywa maziwa ya ng'ombe siku mbili akaharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Faini ililipwa na mumewe, Kemboi, kwa pesa ya maziwa. Pesa hiyo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya jengo la shule. Binti yao mkubwa, Cherono, alikuwa ameingia darasa la saba, na mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba mtoto ambaye hajalipa pesa ya jengo hatafanya mtihani.

Ijumaa Kemboi alienda kituo cha msitu. Askari wa zamu alikuwa Micah, kijana mwenye koti la kijani lililomzidi mabega. Wanawake saba walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi na kamba zao, wakingoja karatasi.

"Nataka kibali cha kuni," Kemboi alisema.

"Shilingi mbili kwa mwezi. Mzigo mmoja kwa siku, kuni zilizoanguka zenyewe, hakuna panga. Jina?"

"Cheptanui."

Micah aliweka kalamu chini. "Huyo ana kesi. Siwezi kumwandika mpaka mwaka uishe."

"Basi andika langu. Kemboi."

"Nitaandika. Lakini ujue, mzee, mwenye jina ndiye anabeba. Nikimkuta mama na karatasi yako, namshika. Nikimkuta binti yako, namshika vilevile."

Wanawake walinyamaza ili wasikie vizuri.

"Unataka mimi nibebe kuni?"

"Mimi sitaki kitu. Nakuuliza kama niandike."

"Unajua mimi ni wa rika gani?"

"Kwa hii kitabu hakuna mahali pa rika."

Mwanamke mmoja alicheka puani. Mwingine akasema, "Andika tu, Micah. Sisi tutamfundisha kufunga kamba." Hapo wote wakacheka. Kemboi alizirudisha shilingi mbili mfukoni akatoka bila kuaga.

Huko kwao mwanamume huangusha mti, huupasua na huupanga. Kuubeba mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, ni kazi ya mwanamke. Mwanamume akionekana hivyo ataulizwa kama mkewe amekufa, na kama hajafa, ataulizwa ni nani mume katika nyumba hiyo. Kemboi hakukaa chini akalipima jambo hilo. Alitembea haraka kuelekea nyumbani, na kabla hajafika alikuwa tayari anafikiria mabomba.

*

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemfanyia kazi Surjit, fundi na kontrakta wa mabomba mjini Nakuru. Mafuta yalipopanda bei watu wakaacha kujenga, na Surjit akawaachisha kazi wafanyakazi sita. Kemboi alikuwa wa nne. Alirudi Keringet na spana mbili na maarifa ambayo hayakuwa na kazi, kwa sababu maji ya Keringet yalitoka mtoni kwa ndoo.

Mafuta ya taa nayo yalikuwa yamepanda. Makaa yalitoka mbali. Kuni za shambani kwao ziliisha siku nyingi, maana miti iliyokuwako walikuwa wameikata wakajenga ua. Cheptanui alipika kwa magunzi na samadi kavu, moto wa kusonga ugali tu. Mikebe ya maziwa aliiosha kwa maji baridi.

Lori la maziwa lilikuja saa moja asubuhi. Karani alifungua mkebe wa Kemboi, akanusa, akafunga.

"Rudisha nyumbani."

"Ni ya leo asubuhi."

"Maziwa ni ya leo. Mkebe ni wa juzi. Osha na maji moto."

Jirani yao, Kipketer, alikuwa ameegemea ua akingoja zamu yake. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalipenda watu wakiwa wamekusanyika. "Mpelekee mtoto wa ng'ombe hayo," alisema. "Yeye hanusi."

Ilitokea Jumatatu, ikatokea tena Alhamisi. Jioni ya Alhamisi Kemboi alimwambia mkewe anataka kuuza mtamba.

"Mtamba yupi?"

"Tuko na wangapi?"

"Huyo ni wangu," Cheptanui alisema. "Mama yake nilipewa na baba siku ya arusi."

"Najua."

"Na ana mimba ya miezi mitatu."

"Ndiyo maana atapata bei." Kemboi alichukua gunzi akachora kwenye majivu. "Kuna mzungu mmoja Njoro, nilimfungia mabomba. Juu ya paa lake kulikuwa na sanduku la kioo. Ndani ni mabati meusi na mabomba. Jua linapiga, maji yanachemka, hakuna moto. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona moshi kwa hiyo nyumba. Nilikuwa nanawa mikono huko, maji yanachoma."

"Mzungu alikuwa na pesa."

"Alinunua. Mimi nitatengeneza."

Cheptanui alikuwa akimnyonyesha mtoto. Alimhamishia titi la pili, akatazama mchoro kwenye majivu kwa muda. "Micah alikunyima kibali?"

"Una kesi."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Nauliza tu, Baba Cherono."

Kemboi aliufuta mchoro kwa kiganja. "Hutaingia msitu ule tena," alisema. "Hilo nimemaliza."

*

Mtamba aliuzwa shilingi mia nne na kumi kwa mtu wa Molo. Siku iliyofuata Kemboi alishuka Nakuru. Surjit alikuwa amekaa nje ya stoo yake kwenye kiti cha mbao, kilemba cheupe, miwani kwenye ncha ya pua, akihesabu viungo vya bomba kwenye karai.

"Kemboi. Kazi hakuna."

"Sikuja kwa kazi, bwana. Nimekuja kununua."

"Kununua?" Surjit alivua miwani. "Basi kaa. Mteja anapewa kiti."

Kemboi alimweleza. Surjit alisikiliza akichezesha kiungo kimoja kidoleni kama pete. Alipomaliza, Surjit aliingia stoo akatoka na bomba la nusu inchi lililokuwa na kutu upande mmoja.

"Hii kitu inafanya kazi," alisema. "Mimi naona Bombay, naona hapa. Lakini inataka jua. Kwenu Keringet iko jua?"

"Jua liko kila mahali, bwana."

"Iko. Lakini huko kwenu inaamka saa ngapi?"

Vibarua wawili waliokuwa wakipakia mkokoteni walicheka. Kemboi alicheka nao kidogo, kama mtu anayelipa ushuru.

Alichagua mabomba ya zamani, mabati tambarare mawili, viungo kumi na sita, rangi nyeusi, na pipa lililokuwa la mafuta ya mashine. Vioo alivinunua dukani kwa Ratilal, mtaa wa pili. Alikuwa ametegemea kwamba miaka kumi na miwili ingepunguza bei. Surjit alijumlisha kwa penseli kwenye kipande cha mbao, akaonyesha.

"Mabomba haya yametumika, bwana."

"Ndiyo maana iko nusu bei."

"Hili limepinda."

"Wewe ndiyo ulipinda hiyo, kwa nyumba ya daktari. Mimi nalipa daktari bomba mpya. Nakumbuka." Surjit alimtazama, kisha akarusha viungo viwili zaidi kwenye karai. "Hizi bure. Na usiweke pipa chini ya sanduku. Juu. Maji moto inapanda yenyewe, baridi inashuka. Ukikosea hapo, umenunua kitanda ya chuma."

Pamoja na nauli ya lori lililombebea mzigo mpaka njia panda, zilitoka shilingi mia tatu na tano. Zilizobaki alimpa Cheptanui za kulipa deni la duka. Mkewe alizifunga kwenye kitambaa bila kuhesabu.

*

Kazi ilimchukua siku kumi na moja. Alikata, akakaza, akafungua, akakaza tena. Sanduku lilikuwa refu kama mlango na lilikaa kwenye miguu ya mbao karibu na nyumba ya jikoni, limeinama kidogo. Pipa aliliinua kwenye jukwaa na kulifunika kwa manyoya ya kondoo na magunia. Usiku hakulala vizuri. Aliamka kugusa viungo, akarudi kitandani na mikono ya kutu, na Cheptanui akamwambia anachafua blanketi.

Ndani ya siku hizo hizo Cheptanui na Cherono walivuna. Mahindi ya huko juu milimani huchelewa. Walivunja Februari, magunia sita, wakayapandisha darini juu ya meko kama kila mwaka, yakiwa bado kwenye magunzi.

Siku ya kumi na mbili jua lilitoka mapema. Saa nane mchana Kemboi alifungua bomba akaweka kidole, akakitoa haraka. Alimwita mkewe. Cheptanui aliweka kidole, akakitoa, akakiweka tena.

"Hii ni ya chai," alisema.

"Ya chai, ya mikebe, ya kuoga. Na bado zinabaki lita mia moja."

Watu walikuja. Walizunguka sanduku, wakainama, wakajiona kwenye kioo. Mzee mmoja aliuliza moto umefichwa wapi. Kipketer alikuja Jumapili baada ya kanisa na akakaa muda mrefu.

"Kwa hiyo Kemboi ameoa jua," alisema.

"Angalau halina kesi mahakamani," Kemboi alimjibu, na watu wakacheka upande wake kwa mara ya kwanza mwaka huo. Cheptanui alisikia. Aliendelea kuosha mkebe.

Karani wa lori hakurudisha maziwa tena. Machi yote, na nusu ya Aprili, mkebe ulinuka kama mkebe. Moto jikoni uliwashwa mara moja tu kwa siku, jioni, kwa magunzi, robo saa, ugali ukaiva, moto ukazimwa. Cheptanui aliacha kutokwa na machozi ya moshi. Macho yake, yaliyokuwa mekundu tangu aolewe, yalirudi meupe, na mamake alipomtembelea alimuuliza kama ana mimba. Alipata saa nzima mchana isiyo na kazi na hakujua aiweke wapi. Alitoka nje, akarudi, akafagia palipofagiwa.

"Kaa," Kemboi alimwambia.

"Nimekaa."

"Umesimama mlangoni."

"Najisikia kama nimesahau kitu," alisema.

*

Mvua ya masika ilianza katikati ya Aprili na haikupumzika. Ukungu ulikaa mpaka saa sita. Maji ya pipa yalikuwa ya uvuguvugu, lakini bado yalifaa kuliko ya mtoni, na Kemboi alisema mvua itapita.

Wiki ya pili ya Mei Cheptanui alimaliza mahindi ya kapu la chini, akapanda darini kuteremsha mengine. Kemboi alikuwa nje akipaka lami kwenye kiungo. Alisikia mahindi yakianguka kwenye sakafu, si kwa kishindo cha mahindi makavu, bali kama viazi. Aliingia.

Mahindi yalikuwa na ukungu wa kijani, mengine meusi mpaka ndani. Aliokota moja akalivunja. Punje zilibonyea kwenye kidole. Mengine wadudu walikuwa wameyatoboa yakabaki maganda. Cheptanui aliendelea kuyatupa kutoka juu bila kuangalia chini, na alipofika kwenye pembe ya mwisho aliacha, akateremka, akaketi kwenye kigoda.

"Yote?" Kemboi aliuliza.

"Lililobaki ni gunia moja. Labda."

"Paa linavuja?"

"Halivuji."

"Basi mliyapandisha yakiwa na maji."

"Tunayapandisha yakiwa na maji kila mwaka," Cheptanui alisema. "Mama yako alikuwa anayapandisha yakiwa na maji. Umewahi kuona jua la kukausha mahindi huku?"

Kemboi alitazama juu. Boriti za dari zilikuwa nyeusi na zinang'aa kwa masizi ya miaka kumi na mitano. Kati yake sasa palikuwa na utando mweupe wa buibui. Tangu aolewe Cheptanui hakuwahi kuona utando jikoni mwake.

Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kufundishwa kwamba moshi una kazi. Ulikuwa kitu cha kuumiza macho na kunukisha nguo. Moto uliwaka kutwa kwa ajili ya maji, ya chai, ya mikebe, ya watoto, na mahindi yalikauka juu yake bila kuombwa, wadudu wakakimbia bila kufukuzwa. Kemboi alikuwa ameuondoa moto, na hakuna aliyeuliza kuna nini juu yake.

Cherono alirudi kutoka shule akakuta kuku wamemwagiwa mahindi hayo. Walikuwa wameparua wakaondoka.

"Tukikausha hili gunia moja," Kemboi alisema, "na mbegu tulizofunga ukutani..."

"Kwa kitu gani?"

"Moto. Siku nne, tano, mchana na usiku."

"Moto wa nini? Magunzi haya mabichi?" Cheptanui alisimama. Alichukua kamba yake msumarini, mahali ilipokuwa imening'inia tangu Januari, akaanza kuinyoosha.

"Weka hiyo chini."

"Nitapita upande wa juu. Micah hapandi huko mvua ikinyesha."

"Miezi mitatu, Mama Cherono. Na huyo mtoto?"

"Na huyo mtoto atakula kioo?"

Kemboi alisimama mlangoni akaujaza. Cheptanui hakumsukuma. Alimkaribia mpaka mumewe akalazimika kumtazama.

"Nikuambie kitu na usinipige," alisema kwa sauti ya kawaida. "Ulitembea mpaka Nakuru. Uliuza ng'ombe wangu. Ulikesha siku kumi na moja na vyuma. Watu wanasema Kemboi ana akili, na mimi nasema ana akili. Lakini yote hayo uliyafanya ili usibebe kuni."

Mvua ilikuwa inapiga kioo cha sanduku nje. Cherono alikuwa amekaa na daftari lake gotini na hakuwa anaandika.

"Nipe hiyo kamba," Kemboi alisema.

*

Micah hakucheka. Aliandika jina polepole, akapuliza wino. "Mzigo mmoja kwa siku," alisema. "Kamba iweke mbele ya nywele, si juu ya nyusi. Utaumwa kichwa."

Siku ya kwanza mzigo ulimwangukia mara tatu. Alikuwa ameufunga kama mabomba, sawasawa na mrefu, ukagonga miti pande zote. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake, yule aliyesema watamfundisha, aliushusha bila kuombwa, akaufungua, akapanga kuni nene chini na nyembamba juu, akaufunga tena mfupi. "Sasa inama," alisema. "Usiinue kwa mgongo. Inua kwa magoti." Kisha akatangulia, ili asionekane anatembea naye.

Njia ilipita kwenye kituo cha maziwa. Lori lilikuwa limechelewa kwa sababu ya matope, kwa hiyo wanaume wote walikuwepo. Kemboi aliona miguu yao tu, maana kamba haikumruhusu kuinua kichwa. Mazungumzo yalikatika. Mtu alikohoa.

"Mama," sauti ya Kipketer ilisema, "leo umepata kuni nzuri."

Kemboi alisimama. Maji ya mvua yalimtiririka kutoka kwenye kamba yakaingia mdomoni.

"Nzuri," alisema. "Sogea nipite."

Miguu ya Kipketer ilibaki pale kidogo, halafu ikasogea.

Nyumbani Cheptanui alimsaidia kushusha. Aliwasha moto mkubwa, moshi ukajaa jikoni, akaanza kutokwa na machozi. Walitandaza mahindi mazima darini, moja moja, na walikaa zamu siku tano mpaka yakalia yakigongwa. Lilikuwa gunia moja lisilojaa. Mbegu zilipona nusu.

Sanduku lilibaki mahali pake. Halikuwa na kosa lolote. Lilichemsha maji kila siku jua lilipotoka, na Julai walikuja watu wawili kutoka Molo kumuuliza Kemboi anaweza kuwatengenezea kwa bei gani. Aliwatajia bei. Aliwauliza pia mahindi yao wanayaweka wapi. Hawakuelewa, wakasema watarudi.

Gharama ilikuwa hii. Mtamba mmoja wa Cheptanui na ndama aliyekuwa tumboni. Magunia matano ya mahindi. Magunia manne ya kununua, kuanzia Juni mpaka mavuno, kwa shilingi sabini na tano kila moja, mia tatu zote zikitoka kwenye maziwa. Vibali vya miezi minane, shilingi kumi na sita. Pesa ya jengo, shilingi sitini, haikulipwa, na Novemba Cherono hakufanya mtihani. Mwaka uliofuata alirudia darasa la saba, benchi moja na watoto wa majirani aliowazidi umri. Kuni, mpaka Desemba, mizigo mia moja na arobaini na tatu.

Mia moja na arobaini na mbili alibeba Kemboi. Mmoja, siku aliyokuwa na homa, haukubebwa naye. Aliukuta mlangoni asubuhi, mfupi, kuni nene chini na nyembamba juu.